Samaki Hakuomba Kurembwa

Samaki kioo aliyekomaa ana urefu wa sentimeta sita hivi. Asili yake ni mito na madimbwi ya Asia, kuanzia Pakistan na India hadi Thailand na Malaysia, na mwili wake hauna rangi ya kuuficha undani wake. Mweke mbele ya taa utaziona mbavu, utaona kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea, na nyuma yake utaona hata majani yaliyopandwa tangini. Kwa mtu anayependa samaki, hicho peke yake kinatosha kumkalisha mbele ya tangi jioni nzima.

Wafanyabiashara waliona vingine. Mwili usio na rangi, kwao, ulikuwa nafasi tupu ya kuchorwa. Samaki anatolewa majini, anabanwa kwa vidole, kisha anachomwa sindano ya rangi chini ya ngozi, juu ya mgongo na kando ya tumbo, mara kadhaa, ubavu huu na ubavu huu. Akirudishwa majini ana mistari ya waridi, ya bluu au ya kijani ambayo hakuna samaki wa aina yake aliyewahi kuzaliwa nayo. Ukilinganisha unene wa sindano na udogo wa mwili wenyewe, ni kama mtu mzima achomwe mara kadhaa kwa kitu chenye unene wa penseli.

Iko pia njia ya kuchovya. Kila aliyewahi kuparua samaki jikoni anaujua ule ute unaoteleza mkononi. Sisi tunauosha kwa ndimu na chumvi, lakini kwa samaki aliye hai ute huo ndio kinga yake: unazuia vijidudu visiingie mwilini na unasaidia kuweka sawa maji na chumvi ndani yake. Wanaochovya huanza kwa kuuondoa ute huo kwa kemikali kali, kisha wanamtia samaki kwenye rangi, halafu wanamtia kwenye kemikali nyingine inayomwasha ili mwili utoe ute mpya na kuifunika rangi ibaki ndani. Wengi hufa kabla ya kufika dukani. Wanaofika, rangi yao hufifia baada ya miezi kadhaa, na mnunuzi anabaki na samaki wa kawaida, kama bado yu hai.

Katika miaka ya 1990, huko Uingereza, wataalamu wa afya ya samaki waliwachunguza samaki kioo waliokuwa wakiuzwa katika maduka ya eneo la London. Zaidi ya asilimia 40 ya waliotiwa rangi walikuwa na ugonjwa wa limfosistisi, ambao ni wa virusi na huota vinundu vyeupe kwenye ngozi na mapezi. Kwa wale wasiotiwa rangi, ilikuwa kama asilimia 10. Tofauti hiyo haishangazi: tundu la sindano ni mlango, na sindano moja ikihama kutoka samaki hadi samaki hubeba kila kilichokuwa kwenye mwili wa kwanza. Mwaka 1996 jarida la wafugaji wa samaki la nchini humo, Practical Fishkeeping, lilianzisha kampeni ya kuyataka maduka yaahidi kutouza samaki waliotiwa rangi, na mengi yaliahidi.

Hadi hapo nadhani hakuna msomaji ninayebishana naye. Sindano inachukiza, na kinachochukiza hivi wazi hakihitaji mwanasheria wa kukipinga. Ninachotaka kusema kinaanzia baada ya hapo. Chuki yetu kwa sindano imetupa kipimo kibaya. Tumezoea kuuliza kama njia iliyotumika inatisha kuitazama, tukaacha kuuliza samaki mwenyewe anaishi vipi na mwili tuliompa. Kwa kipimo hicho cha kutisha, samaki wa sindano anahukumiwa haraka, samaki aliyebadilishwa jeni anaogopwa kuliko wote, na samaki wa dhahabu mwenye macho ya mapovu anawekwa sebuleni, watoto wakimcheka, bila mtu kushtuka. Kwangu mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu.

Kabla ya kufika huko, nianze na rangi yenyewe, maana wengi hudhani rangi ya samaki ni pambo tu. Ziwa Victoria lina samaki wadogo ambao wavuvi wa Mwanza huwaita furu. Mmoja wao, ambaye leo huitwa kisayansi Pundamilia nyererei, alipewa mwaka 1985 jina hilo la nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume lake lina wekundu mgongoni. Ana ndugu wa karibu, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina ubluu. Majike wa pande zote mbili hawana makeke, ni wa rangi hafifu, na hata mtaalamu hupata taabu kuwatenganisha. Aina hizi mbili zinaweza kuzaliana, na watoto wao wakazaa vilevile. Kinachoweka mpaka kati yao ni macho ya jike: anamtazama dume, anaitambua rangi ya kwao, anamchagua.

Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo ya jambo walilolipima kwa uangalifu mkubwa. Chini ya mwanga wa kawaida majike walichagua madume wa aina yao. Chini ya mwanga wa rangi ya machungwa, ambao unaua tofauti ya wekundu na ubluu, walichagua yeyote. Na ndani ya ziwa lenyewe, pale maji yalipochafuka kwa mbolea na udongo unaotiririka kutoka mashambani na mijini, mwanga ukawa hafifu, mpaka kati ya aina hizi ulikuwa umeanza kufutika na madume walikuwa wamefifia rangi. Aina zilizotokea kwa maelfu ya miaka zinaweza kupotea kwa sababu majike hawaoni vizuri.

Ndiyo maana siwezi kukubali kauli kwamba rangi haimhusu samaki na hivyo kumpaka nyingine si neno. Kwa samaki wengi rangi ni namna ya kuonekana na jike, ya kumtisha jirani anayeingia eneo lake, ya kujificha akiwindwa. Samaki kioo hana rangi kwa sababu kutoonekana ndiyo salama yake. Anayemchora mstari wa waridi amemvua vazi la kujificha, na hata kama ndani ya tangi hakuna wa kumwinda, mwili na tabia zake havina habari ya tangi.

Na maumivu je? Kwa muda mrefu wengi walipumzikia kwenye imani kwamba samaki hasikii. Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walionyesha kwamba uso wa samaki aina ya trauti una neva za kupokea maumivu. Walipowadunga midomoni sumu ya nyuki au asidi ya siki, samaki hao waliyumbayumba chini ya tangi, na wale wa asidi waliisugua midomo kwenye kokoto na kwenye kuta. Waliodungwa maji ya chumvi tu, au kushikwa bila kudungwa, walirudi kula baada ya saa moja na dakika kama ishirini. Waliodungwa sumu na asidi walikaa karibu saa tatu. Walipopewa mofini, dawa ya kutuliza maumivu, tabia zile zilipungua.

Wapo wanasayansi wanaopinga bado. Wanasema samaki hana ile sehemu ya juu ya ubongo inayotufanya sisi tuyajue maumivu, kwa hiyo anachoonyesha ni mwitikio wa mwili tu. Ni hoja ya watu makini na siidharau. Lakini ndege naye ana ubongo uliojengwa tofauti na wetu, wala hatumwambii kuku kwamba hasikii. Na hata anayesitasita, aangalie mizani ilivyo: upande mmoja kuna uwezekano mkubwa wa kiumbe kuteseka, upande wa pili kuna mstari wa waridi utakaofifia baada ya miezi. Mtu hahitaji uhakika kamili ili aache jambo lisilo na faida yoyote kwa anayefanyiwa.

Nayajua majibu ya haraka yanayotolewa kwetu mazungumzo yakifika hapa. Samaki tunamla. Tunamkaanga, tunampika kwa nazi, tunamkausha akawa ng'onda. Nchi inayoanika dagaa kwa magunia itawezaje kumhurumia samaki wa tangini? Swali hili ni zito kuliko linavyochukuliwa, na anayelipuuza hajawahi kukaa ufukweni boti zikiingia. Samaki wa wavu hafi kwa raha. Anakosa pumzi, anabanwa na wenzake, na anayemvua hana muda wa kumfikiria.

Jibu langu ni kwamba haja haifanani na starehe, na tofauti hiyo tunaijua vizuri kwenye wanyama wengine. Wafugaji wetu hukata alama kwenye masikio ya ng'ombe ili wamtambue akipotea, na kwa karne nyingi wamehasi mafahali ili watulie na kunenepa. Tunaweza kujadili namna inavyofanywa, lakini sababu inaeleweka. Mtu huyo huyo akimkuta jirani anamkata mbuzi sikio ili tu aonekane wa kuchekesha kwenye picha, atamkemea. Hatahitaji kusoma falsafa. Kwenye mapokeo ya Kiislamu kuna habari inayojulikana sana pwani: Mtume alimpita punda aliyechomwa chapa usoni, akamlaani aliyefanya hivyo. Chapa ya kumtambulisha mnyama, sehemu nyingine ya mwili, wanazuoni waliiruhusu kwa haja. Mpaka uliwekwa hapo, kwenye mahali, kwenye sababu na kwenye kiasi cha maumivu, na uliwekwa na watu waliokula nyama bila kuona mgongano.

Liko jambo jingine. Samaki wa kitoweo hatujamwambia lolote zaidi ya kwamba tunamtaka awe chakula. Samaki wa tangi tumemtoa majini kwake, tumemfungia kwenye kioo, na kwa kufanya hivyo tumechukua dhamana ya kila kitu chake: hewa anayovuta, joto la maji, chakula, mwanga. Hana pa kukimbilia. Anayemiliki kiumbe kwa kiwango hicho ana wajibu mkubwa zaidi kwake kuliko mvuvi kwa samaki wa bahari, na hapo ndipo ufugaji wa mapambo unapopaswa kupimwa.

Sasa nirudi kwa samaki wa dhahabu.

Alitokana na samaki wa kijivu wa mito ya China, jamaa ya yule samaki wa mabwawa anayefugwa kwa kitoweo na kuitwa kapu. Miaka kama 1,000 iliyopita, wakati wa utawala wa Song, Wachina walianza kuwafuga kwenye madimbwi wale waliotokea na rangi ya machungwa. Hao wa mwanzo walikuwa na mwili mrefu, pezi la mgongo lililosimama, na mkia wa kuogelea. Samaki wa dhahabu wa umbo hilo bado yupo. Akipewa nafasi huvuka sentimeta 20 na huweza kuishi miaka 20 na zaidi. Ni mzima wa afya kuliko wengi tunaowaweka kwenye bakuli.

Kisha uteuzi ukaendelea, kizazi kwa kizazi. Ukitaka kuona umefika wapi, simama mbele ya samaki mwenye macho ya mapovu. Chini ya kila jicho ananing'inia mfuko laini uliojaa maji, wakati mwingine mkubwa kuliko kichwa. Anapoogelea mifuko inatikisika huku na huku. Mgongoni hana pezi la kumweka sawa, hivyo anapogeuka mwili wote unayumba. Macho yamesukumwa yanatazama juu, na chakula kiko mbele na chini. Akiwekwa na samaki wa kawaida, hao wengine humaliza chakula yeye bado anakitafuta. Mfuko ukigusa jiwe lenye ncha au ukivutwa na bomba la kichujio hupasuka, na jeraha huingia vijidudu. Wafugaji wazoefu wanashauri tangi lake lisiwe na kitu chochote, si mawe, si mapambo, kwa usalama wake. Yaani tumemtengeneza kiumbe ambaye dunia yake lazima iwe tupu ili asiumie.

Wapo wengine. Yule mwenye macho yaliyogeukia mbinguni moja kwa moja. Yule mfupi wa mviringo kama oranda na ranchu, ambaye matumbo na kibofu cha hewa vimebanwa kwenye nafasi ndogo, akila kidogo zaidi anapinduka tumbo juu. Nje ya jamii ya samaki wa dhahabu kuna moli wa puto, ambaye uvimbe wake unaopendwa unatokana na uti wa mgongo uliopinda. Kuna samaki kasuku damu, aliyetokea Taiwan katika miaka ya 1980 kwa kuchanganya aina mbili za samaki wa Amerika ya Kati, mwenye mdomo mdogo usiofunga vizuri, anayelazimika kusaga chakula kwa meno ya kooni. Huyo kasuku ndiye amekusanya kila dhuluma kwa pamoja: amezalishwa na kasoro, wengine wakatiwa rangi, wengine wakakatwa mkia ili waonekane kama moyo, na kwenye masoko ya China wengine wamechorwa maandishi ya bahati ubavuni kwa mwanga wa leza.

Linganisha mahesabu. Samaki kioo wa sindano anaumia siku moja au wiki kadhaa, akiponea anaendelea na maisha kwa mwili wake uleule, na watoto wake watazaliwa wazima. Samaki wa macho ya mapovu hakuchomwa chochote. Aliyemzalisha huenda ni mtu mpole anayebadilisha maji kila siku. Lakini anayaishi mapovu yake kutoka utotoni hadi kufa, na watoto wake wote wataishi vivyo hivyo. Sindano ni tendo baya lenye mwisho. Uzalishaji wa kasoro ni tendo baya linalojirudia lenyewe, bila mkono wa mtu kuonekana, na ndiyo maana hakuna anayejisikia ametenda kitu. Mimi nauona kuwa ndio ubaya mkubwa zaidi katika biashara hii, na ndio unaozungumzwa kidogo zaidi.

Kuna watakaosema uzalishaji wa aina hii ni urithi wa utamaduni, na kwamba ranchu mzuri ni kazi ya vizazi vya mafundi wa Japani. Nakubali kwamba ni ufundi, na nimeona picha za samaki hao zilizonifanya nisite. Utamaduni unaweza kuendelea na kurudisha nyuma kidogo: mgongo mrefu zaidi, macho yanayotazama mbele. Ufundi ule ule uliompeleka huko unaweza kumrudisha.

Kuhusu upasuaji, kisa kinachotajwa sana ni cha arowana wa Asia, samaki mrefu mwenye magamba makubwa ya dhahabu au mekundu, ambaye Wachina wengi wanamhusisha na joka na bahati. Porini yuko hatarini kutoweka. Tangu 1975 amewekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na wanaouzwa kihalali huzalishwa kwenye mashamba yaliyosajiliwa, kila mmoja akiwa na chipu mwilini. Bei yake hufika maelfu ya dola. Samaki wa bei hiyo akianza kulegea jicho, likawa linatazama chini, mwenyewe anahisi hasara. Singapore wapo mafundi wanaomlaza kwa dawa ya usingizi, wanalegeza tishu nyuma ya jicho kwa koleo, na kulisukuma jicho lirudi juu. Wengine hupunguziwa kidevu au kunyooshwa mkia.

Kwa upande wa maumivu, huyu anatendewa vizuri kuliko samaki kioo, angalau analazwa usingizi. Kinachonisumbua ni kingine. Arowana porini ni mwindaji wa juu ya maji, anaruka kukamata wadudu kwenye matawi. Wafugaji wengi wanaamini jicho linalegea kwa sababu ya maisha ya tangini, samaki akishinda anatazama sakafu na watu wanaopita chini yake, na wengine wanalaumu chakula chenye mafuta mengi. Kama wako sahihi, basi jicho lile ni malalamiko ya mwili kuhusu mahali alipowekwa, na upasuaji unaondoa malalamiko na kuacha sababu palepale.

Anayebaki ni yule anayeogopwa kuliko wote. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, wakiongozwa na Zhiyuan Gong, walimwekea samaki mdogo wa milia, zebra danio, jeni ya protini inayong'aa iliyotoka kwa yavuyavu. Nia yao ilikuwa kupata samaki atakayewaka akikutana na uchafu majini. Biashara ilimwona mapema zaidi, na kufikia mwisho wa 2003 samaki wa jamii hiyo alikuwa anauzwa Marekani kwa jina la GloFish. California ilimkataa kwa zaidi ya miaka 10. Umoja wa Ulaya haumruhusu hadi leo.

Nikimtazama kwa kipimo changu, nalazimika kusema jambo ambalo wapenzi wengi wa asili hawatalipenda. Samaki huyu anaogelea, anakula na kuzaliana kama ndugu zake. Hakuchomwa yeye, rangi amezaliwa nayo, mwili wake haumzuii kufanya lolote ambalo samaki wa aina yake hufanya. Kwa upande wa mateso, yuko mbali sana chini ya samaki wa macho ya mapovu tunayemwita wa asili. Neno jeni linatutisha kwa sababu ni geni, na ugeni si sawa na ukatili.

Hofu yenye msingi kwake iko kwenye maji ya watu wengine. Mwaka 2022 watafiti wa Brazil waliripoti kwamba samaki hao, wakiwa wametoroka kwenye mashamba ya samaki huko Minas Gerais, walikutwa wakizaliana kwenye vijito, katika nchi ambayo hairuhusu hata wauzwe. Sisi tunaojua sangara alivyowafanya furu baada ya kumwagwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 hatuhitaji kufundishwa kwa nini samaki mgeni asiachiwe. Danio si mla wenzake kama sangara, lakini kosa la kumwaga kwanza na kuuliza baadaye tumelilipia tayari.

Sheria zinafuata chuki ileile ya macho niliyoisema mwanzo. Uingereza ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inayomlinda kila mnyama mwenye uti wa mgongo anayefugwa, samaki akiwamo, na inakataza kumkata au kumharibu mwili bila sababu ya tiba. Lakini sindano inachomwa Asia kabla samaki hajapanda ndege, kwa hiyo sheria inamkuta kazi imekwisha. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: sheria yake ina kifungu kinachokataza uzalishaji unaotarajiwa kuwaletea wanyama wenye uti wa mgongo maumivu au madhara ya kurithi. Utekelezaji kwa samaki ni mdogo, lakini angalau kifungu kimeona tatizo lilipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Ningependa siku moja wizara zinazohusika zitoe mwongozo kuhusu samaki wa mapambo, unaotaja kwa majina aina zisizopaswa kuingizwa nchini, nianze na wa macho ya mapovu na wa macho ya mbinguni.

Nasema hivyo kwa sababu sisi hatuko pembeni mwa biashara hii. Samaki wa Ziwa Tanganyika hukamatwa Kigoma na kusafirishwa Ulaya, Marekani na Asia. Samaki wa Ziwa Nyasa wanajaza matangi ya dunia nzima, na Kenya husafirisha samaki wa matumbawe kutoka pwani. Wanunuliwa kwa sababu ya rangi zao, ambazo hakuna aliyewachora. Huko wanakofugwa na kuzalishwa, baadhi ya wauzaji hawataki kusubiri miezi hadi dume la samaki aitwaye tausi wa Ziwa Nyasa likomae na kutoa ubluu wake. Wanachanganya homoni ya kiume kwenye chakula, homoni ileile wanayoijua wazalishaji wa vifaranga vya sato wanaotaka madume watupu. Samaki mdogo anatoka na rangi kabla ya wakati, na majike wanavaa rangi ya madume. Homoni ikikatizwa nyumbani kwa mnunuzi, rangi inatoweka, na jike lililoharibiwa hivyo huenda lisizae kamwe.

Hii ndiyo hila ngumu zaidi kuigundua, kwa kuwa hakuna tundu la sindano wala kovu. Lakini ukijua samaki mwenyewe utaiona. Tausi wa Nyasa wa kawaida huanza kuonyesha rangi akiwa amefika sentimeta saba au nane, na si wote kwa pamoja. Majike wao ni wa kijivu au hudhurungi, na katika kundi lolote lililozalishwa kwa uaminifu lazima wawemo. Ukikuta tangi la samaki wa sentimeta nne au tano wote wakiwaka bluu na manjano kama madume wakubwa, mwombe muuzaji akuonyeshe majike. Akisema hana, au akikuonyesha jike lenye rangi ya dume, usinunue, na umwambie sababu, ili naye amwambie anayemletea.